Muziki Ukizima, Baba Anakuja

Niliwahi kununua koti la baridi mjini Kyela. Msomaji wa Makete au Njombe, huko kwenye baridi, hataona kosa liko wapi, kwa hiyo nieleze. Kwetu mtu akitoka kuoga hujifuta maji, kisha hujifuta jasho, na hawezi kusema moja limeishia wapi na jingine limeanzia wapi. Mbuzi wanagombea kivuli asubuhi. Katika mji huo, mbele ya rundo la mitumba lililomwagwa juu ya turubai, mimi niliyemaliza kidato cha nne na kufaulu jiografia, nilichagua koti zito la kijivu lenye manyoya shingoni, refu hadi magotini. Nililijaribu palepale juani. Muuzaji akasema limenikaa kama nimepimwa na fundi. Nikaamini.

Nilirudi nyumbani nimelivaa, maana baiskeli yangu haikuwa na keria. Mke wangu alikuwa uani anapepeta mchele. Alinitazama tangu mbali, kama mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani akiingia shambani, kisha akaniuliza kama nimepata kazi Makete. Kazi sikuwa nayo, na safari ndiyo kabisa. Mimi ni mtu wa nyumbani, na hili nalisema mapema ili nisije nikadhaniwa vingine. Mto Songwe, unaotutenga na Malawi, uko umbali wa baiskeli tu kutoka kwetu, na mpaka leo sijauvuka. Watu wametoka Ulaya kuja kuuona.

Ilikuwa miaka ile tuliyoiita ya ruksa. Maduka ambayo kwa muda mrefu yalikuwa yanauza vumbi na chumvi, yalianza kujaa. Sabuni ikawa ya kuchagua harufu. Mitumba iliingia kwa marobota, na kila robota likifunguliwa mji mzima ulikuwa unanusa ile harufu ya dawa ya ghala la mbali. Tulivaa nguo za watu ambao hatutawaona, na hakuna aliyejiuliza walikuwa nani. Mimi nilijiuliza, kwa sababu ndani ya mfuko wa kifuani wa lile koti nilikuta kaseti.

Jalada lake la karatasi lilikuwa limefuliwa pamoja na koti huko lilikotoka. Maandishi yalibaki madoa tu, na picha niliweza kuisoma nusu: kiti kitupu kando ya dirisha. Kaseti yenyewe ilikuwa nzima. Niliirudisha mwanzo kwa penseli ili nisimalize betri, nikaiweka katika redio kaseti yetu, ile tuliyoinunua msimu kakao ilipopata bei, nikabonyeza.

Sijui niieleze vipi. Wakati ule Kyela nzima ilikuwa inasikiliza vitu viwili: dansi kutoka Zaire, na kwaya. Hata ulevini walimaliza na kwaya. Sasa hapa yalitoka magitaa mawili kama yanabishana nani aanze, ngoma inayopigwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kwingine, na sauti ya kijana anayeimba kana kwamba ameamshwa usingizini na bado hajasamehe. Hapakuwa na kiuno ambacho kingeweza kuufuata muziki ule. Mke wangu alisikiliza wimbo mmoja, akaniambia kwa upole kwamba redio imeharibika.

Jirani yetu hakuwa na upole. Huyu alikuwa mwanamke wa biashara, nusu ya ukoo wake uko Karonga, upande wa pili wa Songwe. Alikuwa akivuka na mchele na kurudi na sukari, sabuni na betri, na ulimi wake alivuka nao bila kukaguliwa na mtu. Alisimama kwenye ua wetu wa matete, akasikiliza, akasema yule mzungu hakuisahau kaseti mfukoni. Aliiweka makusudi ili iende mbali naye. Tangu siku ile alianza kuniita bwana kidato cha nne, kwa sababu nilijitetea kwamba muziki huo unahitaji elimu.

Elimu yenyewe ilikuwa hivi. Nilimwambia mke wangu kwamba naelewa maneno. Wimbo wa kwanza, nilisema, ni wa mtu aliyepoteza ng'ombe. Wa pili ni wa mafuriko. Wimbo mkali wa upande wa pili wa kaseti, ule unaoanza taratibu, nilisema ni wa mama anayemngoja mwanawe arudi kutoka machimboni. Nilikuwa naokota neno moja moja, hapa "dirisha", pale "asubuhi", na kujaza yaliyobaki kwa mambo ya Kyela. Yeye aliniamini kwa miaka mingi, au alinihurumia; kwa mke wangu vitu hivyo havina mpaka ulio wazi.

Lakini kuipenda niliipenda kweli. Katika wimbo ule wa upande wa pili palikuwa na mahali magitaa yale mawili yaliacha ubishi, yakaenda pamoja. Ilikuwa kama mvua ya kwetu inapoanzia milimani: unaiona inakuja nyeupe juu ya mashamba ya mpunga, bado hujaisikia, halafu ghafla iko kwenye bati. Nilikuwa naacha jembe niingie ndani kwa ajili ya pale tu.

Sasa nifike kwa baba.

Mama alikuwa amefariki kabla sijaoa, na baba alikaa peke yake katika nyumba yake ng'ambo ya migomba yetu, mwendo wa kuitana. Chakula chake kilikuwa kwetu. Kwa Wanyakyusa wa kizazi chake hapo ndipo pagumu, kwa sababu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Simaanishi hawazoeani. Hawaonani. Mke wangu hakutakiwa kukutana naye njiani, wala kutazama uso wake, wala kutamka jina lake, wala yeye kumtazama mke wangu. Mke wangu akisikia baba anakuja, anajitanda khanga na kujificha jikoni au migombani mpaka apite. Kanisani vijana walikuwa wameanza kulegeza, na mjini watu walikaa na wakwe zao meza moja wakinywa soda. Baba alisema watu wa mjini wafanye yao. Na mke wangu, aliyetoka Busale kwa watu wanaoshika mambo hayo kwa mikono miwili, aliona fahari kuyashika vizuri. Aliposifiwa na wanawake wenzake kwamba mkwe wake hajawahi kuona hata kisigino chake, usiku huo nilikula mbasa, samaki wa sikukuu.

Kwa hiyo kila siku watu wawili walitumia ua mmoja bila kuonana. Mwanzoni baba alikuwa anakohoa kama ishara kwamba anakuja. Ungekuwa mpango mzuri kama asingekuwa mvuta kiko. Alikohoa akija, alikohoa akiwa amekaa kwake, alikohoa usingizini, na mke wangu alishinda akikimbia na ungo mkononi kumkwepa mtu ambaye hata hakuwa ameinuka kitini. Wali ulikuwa unaungua. Siku moja alikaa migombani mpaka siafu wakamfukuza.

Ni yeye aliyegundua. Aliona kwamba kaseti yangu ikilia baba haji. Nilidhani haji kwa kuuogopa muziki, na labda mwanzoni ilikuwa hivyo. Lakini mke wangu akaniambia nikampe mzee utaratibu: muziki ukiwa unalia, ua ni wa mkamwana. Ukizimwa, chakula kimewekwa chini ya mti wa mkungu uani, mkamwana ameingia ndani, na ua ni wa baba. Akimaliza kula na kuondoka, apige mluzi, na sisi tuwashe tena.

Baba alilipokea wazo hilo kama waziri anavyopokea hoja, yaani alisema ataliangalia. Swali lake lilikuwa moja, na lilikuwa la maana. Atajuaje kuwa ni redio yetu? Redio zilikuwa zimeshaongezeka, kila nyumba ya bati ina yake, na Zaire ni Zaire. Nikamwambia, tata, kaseti kama hii haipo nyingine kuanzia hapa mpaka Ipinda. Akakubali kwamba hilo halina ubishi.

Basi muziki wa watu wasiojulikana, waliorekodi huko baridini kwa sababu zao, ukawa kengele ya nyumba yetu. Asubuhi mke wangu alikuwa anafagia kwa wimbo wa ng'ombe, anaanika kakao kwa wimbo wa mafuriko, anachambua mchele kwa wimbo wa mama anayengoja. Chakula kikiiva, nabonyeza. Kimya kinashuka uani. Mlango wa jikoni unafungwa, na baada ya kitambo kidogo baba anatokea kati ya migomba na fimbo yake, anatembea taratibu kama mtu aliyealikwa. Hula mbalaga, ndizi zetu za kupikwa, na mtindi, husema "ndaga", yaani asante, kwa sauti ya juu, asiielekeze kwa mtu, na nyuma ya mlango wa jikoni mke wangu huitika kwa kugonga mwiko kwenye sufuria mara moja tu. Mazungumzo yao yote ya miaka ile yalikuwa hayo. Kisha huondoka, na kutoka migombani huja mluzi.

Mluzi wenyewe mwanzoni ulikuwa wa kuitia ng'ombe. Sikumbuki ulibadilika lini. Siku moja nilikuwa nataka kubonyeza nikagundua kuwa baba anapiga mluzi wa magitaa, pale pale yanapoacha ubishi. Aliukosea kidogo, akaumalizia Kinyakyusa. Sikumwambia kitu. Mtu akimwambia mzee kama yule kwamba ameimba wimbo wa wazungu, hataimba tena.

Huo ndio utaratibu nilioukoroga mwenyewe, na tena nikiwa nimefumba macho.

Kila aliyeishi na redio kaseti miaka ile anajua betri zinavyokufa. Hazifi ghafla. Zinachoka, na kaseti inachoka pamoja nazo. Wimbo unakuwa mzito, sauti inashuka, kijana anakuwa mzee. Ndipo mtu anazitoa, anazianika juani juu ya bati, na jioni zinamtumikia tena kidogo. Mimi nilikuwa bingwa wa kuanika betri. Nilizigeuza kama samaki. Jirani yetu, ambaye alikuwa anaziuza, alipita akaniuliza kama nasubiri zikauke nizitwange.

Lakini ukweli ni kwamba sikuwa nabana matumizi tu. Nilikuwa nimeanza kuupenda ule uzito. Ule wimbo wa mama anayengoja, betri zikiwa zimechoka, ulikuwa mzuri kuliko ulivyorekodiwa. Magitaa yalivutana kama watu wanaopanda mlima na mizigo, na yule kijana aliyeamshwa usingizini alikuwa sasa analia kabisa, kwa sauti nene, kutoka chini ya kisima. Mchana mmoja niliuacha uende hivyo. Betri nzima nilikuwa nazo ndani ya tochi. Nilikaa kwenye kigoda nikafumba macho, nikasikia kwamba dunia yote inahuzunika nami, mtu ambaye sikuwa na huzuni hata moja.

Upande wa pili wa migomba baba alisikia pia. Alichosikia hakikuwa kaseti. Kaseti aliijua, na hii haikuwa hiyo. Alisikia sauti nene za watu zikiburuta maneno kutoka nyumbani kwa mwanawe, mchana kweupe, na kwetu sauti za namna hiyo zina kazi moja tu. Zinalia maiti.

Alitoka kama alivyokuwa, kaptura ya shamba, kifua wazi, tope la kuchimba mfereji mpaka magotini, bila fimbo. Nilifumbua macho niliposikia miguu. Mke wangu alikuwa katikati ya ua, amevua khanga kwa ajili ya joto, ungo wa mchele umejaa mikononi. Baba akatokea kona ya nyumba mbio. Walisimama karibu, kama mtu na mlango wake. Wakatazamana usoni.

Mchele ulimwagika wote. Mke wangu alianguka kifudifudi juu yake, mikono imefunika kichwa. Baba aligeuka upande wa ukuta, akaushika, akawa anauhemea. Na redio bado inalia, mbaya wee. Akauliza ule ukuta:

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, tata," nikasema. "Ni betri."

Aliondoka akiwa ameupa ukuta uso mpaka kona, kama mtu anayetembea ukingoni mwa shimo.

Nimewaza mara nyingi jibu jingine ambalo ningelitoa. Sijalipata hadi leo. Kweli zilikuwa betri.

Mke wangu aliingia ndani asitoke. Aliokota mchele usiku, punje kwa punje, hakutaka nimsaidie. Alichokuwa anakitunza tangu aolewe, kile alichosifiwa nacho, kilikuwa kimevunjika mbele ya macho yake, na hakukivunja yeye. Aliniambia jambo moja, kwamba baba asiporudi kula pale uani, yeye hana sababu ya kukaa hapa. Atarudi kwao Busale mpaka wazee waone la kufanya, na akienda hajui kama atarudi. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakunja khanga zake wakati akisema, akizipanga, na mtu anayepanga khanga hatishii.

Baba hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Ikawa mimi ndiye wa kumpelekea chakula ng'ambo ya migomba, mimi ambaye safari zote ni adhabu. Nilimkuta amevaa shati limefungwa vifungo vyote, katika joto lile, amekaa kama anayengoja kupigwa picha. Alikula vijiko vichache akasukuma sahani. Nikaomba radhi. Akasema hakuna kosa. Nikamwambia njoo basi nyumbani. Akasema chakula cha kuletewa ni cha mgonjwa au mfungwa, na yeye hajui bado yuko kundi lipi.

Nilirudi nikaeleza kwamba baba amekataa. Mke wangu akafunga furushi la khanga kwa kamba.

Mimi nilikuwa nimeshajipa adhabu yangu. Siku ileile ya msiba usio na maiti niliitoa kaseti nikaitumbukiza katika mfuko wa kifuani wa lile koti, nikafungia koti sandukuni. Nilijiona mtu wa toba sana. Nyumba ilikaa kimya. Redio niliifunika kitambaa, kama wanavyofanya matangani. Kila mtu aliyepita alisema kwenu kumetulia, na mimi niliinamisha kichwa kama nastahili.

Aliyemaliza ujinga huo ni jirani. Alikuwa amerudi kutoka Karonga na kumpelekea baba tumbaku, maana walikuwa na utani wa zamani, yeye akimwita mchumba. Alitoka huko akaja moja kwa moja kwetu, hakuketi. Akauliza kaseti iko wapi. Nikamwambia nimeificha, sitaipiga tena, imeshaleta balaa la kutosha.

"Sasa mzee atajuaje kuwa muziki umezimwa," akauliza, "kama haujawashwa?"

Baba, alisema, alikuwa anakaa mlangoni kila mchana amevaa shati, anasikiliza. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa anaona aibu, kuonwa na mkamwana akiwa kifua wazi na tope, na aliogopa kuliko kitu chochote jambo hilo lisije likajirudia. Hatavuka migomba mpaka awe na hakika ua ni wake. Kimya alikuwa anakisikia, lakini kimya kile hakikutanguliwa na kelele, na kwake kilikuwa mtego. Kuniomba mimi niupige hakuweza. Ingekuwa kama ameomba disko. Akamwuliza jirani, pembeni, kama yule kijana wa magitaa naye amehama.

Mke wangu alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Alitoka, akafungua sanduku, akalitoa koti. Hakuniuliza. Akachukua kaseti, akatoa betri za tochi, akaziweka katika redio, zote mwenyewe, yeye aliyesema siku ya kwanza kwamba redio imeharibika. Kabla ya kubonyeza alinituma na kuku. Kuku ndiye dawa ya jambo kama lile, kuku mzima kutoka kwa mkamwana, anayepokelewa bila maneno. Nilivuka migomba nimembeba kwapani. Baba alimpokea, akamfunga mguu kwenye kiti, akanipa mgongo. Nyuma yangu, kutoka nyumbani, wimbo wa ng'ombe ukaanza, kwa kasi yake halali, wazi kama sahani iliyooshwa.

Tukausikiliza wote wawili, na kuku. Ukaja wa mafuriko. Mke wangu aliuacha upande mzima uende, akageuza, akaacha na ule mwingine. Nadhani alikuwa anapika, na nadhani pia alikuwa anamwonyesha kwamba betri ni nzima. Halafu ukazima.

Baba alichukua fimbo. Nikamwacha atangulie, mimi nilikaa na kuku. Baada ya muda nilisikia "ndaga" ya sauti ya juu, na mwiko kwenye sufuria, na huo mwiko siku ile uligonga mara nyingi. Aliporudi akapita nilipokaa akipiga mluzi, pale magitaa yanapokwenda pamoja, bila kukosea. Akaniambia nimrudishie mkamwana salamu: wali ulikuwa na chumvi nzuri, na mimi ninunue betri.

Utaratibu uliendelea mpaka baba alipofariki, miaka baadaye, amelala. Kaseti ilimtangulia kidogo. Siku moja redio iliitafuna, ikatoka kama utumbo wa kuku, na hakuna penseli iliyoweza kuirudisha. Wakati huo baba alikuwa amezeeka, hasikii vizuri, na tulitumia kugonga debe. Nilimwuliza mke wangu kama tuumalize tu mwiko wote huu, waonane, wanywe chai. Wenzetu karibu wote walikuwa wameshaacha. Alinikatalia. Akasema baba yangu anamjua kwa mluzi kuliko anavyonijua mimi kwa maneno yangu mengi, na wameelewana vizuri, nisiwaingilie.

Koti bado ninalo. Panya wamekula manyoya ya shingo. Tangu siku ile ya kulinunua nimelivaa mara mbili tu, na zote ilikuwa kumchekesha mke wangu.

Mwaka jana binti yetu alikuja likizo. Nilimwimbia ule wimbo wa mama anayengoja jinsi ninavyoukumbuka, kwa sauti yangu, akacheka, halafu akauliza maneno. Nikampa yale mawili matatu ya Kiingereza niliyowahi kuokota. Alihangaika na simu yake jioni nzima, akaipata. Watu wapo kumbe, wana jina, wana kichwa cha albamu, na ile picha ya kiti na dirisha iko kamili, dirishani kuna paka ambaye sikuwahi kumjua. Akanisomea wanachoimba. Hakuna ng'ombe. Hakuna mafuriko. Ule mkali wa upande wa pili unamhusu mtu aliyejifungia chumbani kwake hataki kutoka, marafiki wanakuja kumwita na yeye anawaambia kesho. Binti alisoma mpaka mwisho. Mke wangu alicheka hadi akashika nguzo, akasema miaka yote hiyo wananiimba mimi, mumewe, naye hajui.

Tulikuwa uani, jirani naye yuko, mzee sasa kama sisi, biashara amewaachia wanawe, ulimi hajamwachia mtu. Chai ilikuwa imemiminwa. Binti akaweka simu juu ya stuli, akaufungulia ule wimbo. Ulikuwa safi mno. Ulikuwa na kasi kuliko niliyoizoea, mwembamba, na kijana yule alikuwa mtoto kabisa, mdogo kuliko binti yetu. Nikangoja pale mahali. Magitaa yakabishana, yakaacha, yakaenda pamoja. Migomba ilikuwa palepale.

Kisha wimbo ukakatika. Simu iliishiwa chaji.

Kimya kiliposhuka mke wangu aliinuka. Aliweka kikombe chini, akavuta khanga juu ya kichwa, akaelekea mlango wa jikoni, haraka haraka, macho ardhini, kama msichana. Alishafika kizingitini na mkono uko mlangoni. Binti alinitazama, hakuelewa. Mimi nilikuwa nimegeuka kuangalia migomba, kwa hiyo siwezi kumcheka mtu.

Jirani alikunywa chai yake, akaweka kikombe.

"Mzee keshakufa, mdogo wangu," alisema. "Rudi ukae, chai inapoa."